Nani Mwajiri? Habari za Vibarua wa Wakala na Mishahara Yao

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama katika mkutano wa tawi, Rwamishenye, Bukoba)



Tumeagizwa na Halmashauri ya Chama tuseme leo juu ya jambo ambalo wengi wetu twaliona kila siku katika maofisi yetu, wala hatulitii sana maanani. Asubuhi tunapofika kazini, mlango umekwisha funguliwa na mlinzi. Sakafu imekwisha pigwa deki na mfagizi. Na huko nje mtunza bustani ameshika fyekeo lake. Watu hawa tunawajua kwa sura, na wengine kwa majina. Lakini ukiuliza, "Watu hawa wameajiriwa na nani?" utajibiwa, "Si wetu hao, ni wa wakala." Na ukimwuliza wakala, huenda akakujibu, "Wapo kwenu, ulizeni huko huko." Basi hotuba yetu ya leo yauliza swali hilo moja tu: nani mwajiri?

Tusianze kwa kulaumu, kwani jambo hili lina sababu zake, nazo si mbaya zote. Ofisi hupewa kazi nyingi na kibali cha kuajiri watu wachache. Kiwanda au shamba huwa na msimu wa kazi nyingi na msimu wa kazi chache. Mlinzi akiugua usiku, ofisi haina mtu wa kuziba pengo lake, bali kampuni ya ulinzi inaye. Tena kuandika orodha ya mishahara ya watu mia, kukata michango, kupeleka kodi, kutunza majalada ya likizo na ya magonjwa, si kazi ya mchezo. Sisi makarani twajua. Kwa hiyo mwenye kazi humwendea wakala, humwambia, "Niletee watu, uwalipe, utunze karatasi zao, nami nitakulipa wewe kwa hati moja kila mwezi." Hati moja badala ya mia! Ni karani gani asiyependa hivyo?

Wala jambo hili si jipya katika nchi yetu. Wazee waliopo hapa wakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, habari za manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha afisi yao ya kutafuta vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Wenye shamba kule Tanga hawakwenda wenyewe kutafuta watu katika mikoa ya mbali; afisi hiyo iliwatafuta kwa niaba yao, ikawaandikisha mkataba, ikawalisha njiani na kuwasafirisha kwa lori na gari la moshi hadi shambani. Kila mtu alihesabiwa kwa namba, na jina la manamba likatoka hapo. Kazi ilikuwa ngumu, mshahara ulikuwa mdogo, na watu wengi walikaa mbali na nyumba zao miaka mingi. Hatuna nia ya kuyasifu mambo hayo. Lakini lipo jambo moja la kuangaliwa. Kibarua wa siku zile alikuwa na kipande chake, karatasi iliyotiwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, na alama 30 zikitimia, alilipwa. Hata asiyejua kusoma aliweza kuhesabu alama zake. Je, kibarua wa wakala wa leo ana karatasi gani mkononi?

Na hapa kwetu Buhaya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Watu kutoka Burundi na Rwanda walikuja kufanya kazi katika mashamba yetu ya kahawa na migomba, na wengine walipita kwenda mbele hadi Buganda. Mwenye kibanja alipatana na mtu wake uso kwa uso. Hatusemi ya kwamba wote walitendewa haki. Wako waliofanya kazi msimu mzima wakaondoka na maneno matupu. Lakini aliyedhulumiwa alijua mlango wa kubisha. Dhuluma ilikuwa na jina na nyumba.

Wengi wetu tuliosomeshwa na misheni twaijua habari ya mwenye shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo. Watu husoma habari ile kwa ajili ya mafundisho ya roho, na ni sawa. Lakini karani aisome tena kwa jicho la karani. Mwenye shamba alitoka mwenyewe alfajiri, akapatana mwenyewe na vibarua juu ya dinari moja kwa siku. Jioni hakuwalipa kwa mkono wake. Alimwita msimamizi, akamwagiza awalipe. Nao waliponung'unika, si msimamizi aliyewajibu, bali mwenye shamba mwenyewe. Basi tazameni: kugawa mshahara kulikabidhiwa mtu mwingine, wala hapakuwa na kosa. Mapatano na majibu yalibaki kwake yeye mwenye shamba. Hiyo ndiyo kanuni tunayotaka kuitetea leo: kazi ya kulipa yaweza kukabidhiwa, wajibu wa kulipa haukabidhiwi.

Sasa na tutazame sheria za nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, yampa mfanyakazi haki ya kupewa masharti ya kazi yake kwa maandishi, kulipwa kwa wakati, na kupewa maelezo ya mshahara wake na makato yake. Yampa siku 28 za likizo ya mwaka. Yaweka saa 45 za kawaida kwa juma, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Mama akijifungua ana siku 84, na akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja, siku 100. Sheria haisemi kwamba haki hizi ni za watu wa ofisi pekee, na ya kuwa mlinzi wa mlangoni ajitafutie nyingine.

Iko na sheria ya pili, ya Taasisi za Kazi, namba 7 ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 61 kinafaa kujulikana na kila karani. Kinataja alama za kumtambua mwajiriwa: kwamba anafanya kazi chini ya amri au uangalizi wa mwingine, kwamba saa zake hupangwa na mwingine, kwamba yeye ni sehemu ya shirika analolitumikia, kwamba kwa miezi mitatu iliyopita amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kila mwezi, kwamba riziki yake yamtegemea huyo anayemtumikia, kwamba hupewa vifaa vya kazi, au kwamba hamtumikii mtu mwingine. Ikionekana hata alama moja, hudhaniwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo mtu hawezi kugeuzwa kuwa "mtoa huduma" kwa sababu tu karatasi imeandikwa hivyo. Sheria hutazama kazi, haitazami kichwa cha karatasi.

Mambo yalipozidi, Serikali iliingia kati. Sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira ilikuwako tayari, lakini mawakala wengi walikuwa wamekwisha kuwa waajiri wa watu waliokuwa wakitumikia kampuni nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 2014 Wizara ya Kazi na Ajira ilitangaza kwamba mtindo huo ukome, na mwaka huo huo zikatungwa Kanuni za mawakala binafsi wa ajira. Maana yake kwa ufupi ni hii: wakala awe daraja la kumfikisha mtafuta kazi kwa mwajiri, asijifanye mwajiri wa mtu ambaye kazi yake yote yatumikia mwingine; wala asimtoze ada yule mtafuta kazi. Sharti hilo la ada lapatana na Mkataba namba 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao unakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kutafutiwa kazi, iwe waziwazi au kwa kificho.

Lakini mto ukizibwa hutafuta njia ya pembeni. Baada ya hapo twaona mikataba mingi yaitwa "ya huduma." Hapa yafaa tupambanue, tusije tukachanganya halali na haramu. Kampuni ikija na wasimamizi wake, vifaa vyake, zamu zake na mafundisho yake, ikauza ulinzi au usafi, hiyo ni huduma ya kweli, na mwajiri ni kampuni hiyo. Bali kama mtu anachukua amri zote kwa mkubwa wa ofisi yetu, anakalia kiti chetu, anaandika katika daftari letu, na huyo wakala haonekani ila mwisho wa mwezi, basi kilichouzwa si huduma, ni mtu. Mkutano wa Philadelphia wa mwaka 1944 uliweka msingi kwamba kazi ya binadamu si bidhaa. Msingi huo ungali unasimama.

Jambo hili si la walinzi na wafagizi peke yao. Kule Nairobi, watu waliokuwa wakikagua picha na maneno mabaya yanayotumwa katika Facebook waliajiriwa na kampuni iitwayo Sama, kwa niaba ya kampuni ya Meta ya Marekani. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, alifungua mashtaka juu ya hali ya kazi hiyo na malipo yake. Mwaka 2023 wakafuata wengine wengi walioachishwa kazi. Meta ilijibu kwamba yenyewe haiko Kenya na haikuwaajiri. Lakini mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta yaweza kushtakiwa katika mahakama za huko. Kesi kuweza kusikilizwa si sawa na kesi kushinda. Lakini mlango uliosemwa haupo umeonekana upo.

Sasa twende kwenye hesabu, kwani karani huamini hesabu kuliko maneno. Tuweke mfano. Kibarua wa wakala ameandikiwa mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi, na wakala ana watu 10 au zaidi. Mchango wa NSSF ni 20 kwa mia: tuseme 10 zatoka kwa mfanyakazi na 10 kwa mwajiri. Mfanyakazi hukatwa shilingi 30,000, hubaki na 270,000. Kiasi hicho ndicho mpaka ambao kodi ya mshahara haianzi, kwa hiyo kodi yake ni sifuri, naye apaswa kupokea 270,000 kamili. Mwajiri naye huongeza 30,000 za NSSF. Tena hulipa kodi ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo tangu mwaka 2023 ni tatu na nusu kwa mia, yaani 10,500. Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nusu kwa mia, yaani 1,500. Jumlisheni: 300,000 na 30,000 na 10,500 na 1,500. Yatoka shilingi 342,000.

Bado hatujaweka likizo. Mtu akienda likizo ya mwezi mmoja, yeye hulipwa, na aliyeshika nafasi yake hulipwa. Ukigawa gharama hiyo kwa miezi 12, ongeza 25,000 kila mwezi. Twafika 367,000. Na bado sare, viatu vya mvua, tochi, na faida ya wakala mwenyewe, ambaye naye hali upepo.

Basi, Mabwana, ikija zabuni ya wakala asemaye, "Nitawaletea mtu mwenye mshahara wa 300,000 kwa bei ya shilingi 330,000," karani afanye nini? Wengi watafurahi: bei ya chini imepatikana! Lakini hesabu yenyewe inapiga kelele. Hata kama wakala hachukui senti moja ya faida, bei hiyo haitoshi kulipa yale ambayo sheria yataka. Pengo ni shilingi 12,000 kabla ya likizo, na 37,000 pamoja na likizo. Pengo hilo litazibwa na nani? Halitazibwa na wakala. Litazibwa na yule mlinzi: kwa michango isiyopelekwa, au likizo isiyotolewa, au mshahara unaopunguzwa kimya kimya. Ofisi iliyokubali bei hiyo haiwezi kusema haikujua. Ilikuwa na kalamu na karatasi. Rahisi ni ghali, wahenga walisema. Nasi twaongeza kwamba mara nyingi anayenunua kwa rahisi siye anayelipa ghali.

Na ubaya wa michango isiyopelekwa ni huu, kwamba haumi leo. Mtu akinyimwa mshahara hulia siku ile ile. Akikatwa mchango usiofika katika Mfuko hulala usingizi, kwa kuwa katika karatasi ya mshahara, kama anayo, makato yameandikwa. Ataamka siku ya ugonjwa, au siku ya uzee, au wajane wake wataamka siku ya msiba, ndipo wataambiwa kwamba daftari lina kurasa tupu.

Mwaka 2016 Serikali ilipohakiki orodha zake za mishahara, yaligunduliwa majina zaidi ya 10,000 ya watumishi hewa, yaani majina yaliyokuwa yakilipwa pasipo watu. Nchi nzima ilishtuka, na ilistahili kushtuka. Lakini mbona hatushtuki kwa kinyume chake? Katika orodha zile kulikuwa na majina yasiyo na watu. Katika mtindo huu wa wakala mko watu wasio na majina. Wanakuja kazini, wanafanya kazi, jasho linawatoka. Lakini ukifungua jalada la ofisi, hawamo, na ukifungua daftari la Mfuko, hawamo. Makosa yote mawili ni ya daftari, na daftari ni kazi yetu.

Hapo ndipo tunapofika kwa mwanachama mwenyewe. Pengine mtu ataguna na kusema: "Karani ni mkono tu. Wakubwa wamekubaliana na wakala. Mimi naandika hati ya malipo, natia mhuri, yamekwisha." Twamjibu kwa heshima. Ni kweli karani hafanyi mkataba. Lakini hakuna hati inayolipwa bila kupita mikononi mwake, na kila hati ya wakala huja na madai kwamba kazi imefanyika na watu wamelipwa. Atiaye sahihi ya kuthibitisha huthibitisha yote mawili, siyo moja. Sahihi si pambo.

Wengine watasema, "Hao si wanachama wetu; chama ni cha watumishi wa Serikali." Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1922, pale Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, wakati ambapo karani Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mtu wa kusikilizwa. Mwaka 1924 hapa Bukoba kulianzishwa Bukoba Bahaya Union. Waliokuwa na kalamu waliona kwamba kalamu si ya kujinufaisha wenyewe tu. Ikiwa sisi tuliorithi viti vyao tutasema kwamba haki yaishia mlangoni pa ofisi, tutakuwa tumerithi viti, hatukurithi moyo.

Tena liko na la kwetu wenyewe. Kazi inayoanza mlangoni haikomi mlangoni. Juzi ilikuwa mlinzi na mfagizi. Leo ni dereva na mpiga chapa. Kesho yaweza kuwa karani wa masjala. Ukikubali mwenzako awe mtu asiye na mwajiri, umekwisha kuandika barua yako mwenyewe, bado tarehe.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano mapendekezo matatu.

La kwanza, kila mwanachama ambaye hati za wakala hupita mkononi mwake aombe, kwa njia ya heshima na kwa kupitia kwa mkubwa wake, vitu vitatu kabla ya hati kuthibitishwa: orodha ya majina ya waliofanya kazi mwezi ule; ushahidi kwamba mishahara yao imelipwa; na stakabadhi ya NSSF ya mwezi uliotangulia yenye majina hayo hayo. Na mikataba mipya iandikwe sharti hilo, ili lisionekane kuwa ukaidi wa karani mmoja. Penye sharti la maandishi, karani hagombani na mtu, husoma tu.

La pili, zabuni zinapopimwa, hesabu kama ile tuliyoifanya leo iwekwe mezani. Bei isiyotosha mshahara na matakwa ya sheria isiitwe bei nafuu. Iitwe jina lake.

La tatu, Chama kitenge jioni moja kila miezi mitatu, hapa hapa Rwamishenye, kwa ajili ya vibarua wa wakala. Tuwasomee mikataba yao kwa Kiswahili, na kwa Kihaya kwa wale watakaopenda. Tuwafundishe mambo machache yanayookoa: kwamba waombe nakala ya mkataba na karatasi ya mshahara, na kuzihifadhi, kwamba waulize taarifa ya michango yao katika ofisi ya NSSF wao wenyewe, wasingoje kuambiwa, kwamba waandike katika daftari dogo siku walizofanya kazi, kama wazee walivyohesabu alama za vipande. Na kwamba mtu akiachishwa kazi isivyo haki asikae nyumbani akilalamika, kwani ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; na kwa madai mengine ya kazi, siku 60. Wengi wameshindwa si kwa kukosa haki, bali kwa kukosa kalenda.

Gharama ya mambo haya ni ndogo: chumba, benchi, na saa mbili za mtu ajuaye kusoma. Hatuwaombi wanachama wagome, wala wawatukane mawakala, ambao baadhi yao ni watu waaminifu wanaoumizwa na wale wanaokata bei kwa kula michango. Twawaomba wafanye kazi ya ukarani kama ipasavyo: kusoma kilichoandikwa, kuhesabu kilichohesabika, na kutotia sahihi palipo na uongo.

Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Katika jambo hili fahali hawapigani hata kidogo. Wamepatana vizuri sana, mwenye kazi na wakala, na nyasi zaumia vile vile. Basi yafaa awepo mtu wa kuzisemea. Sisi tulio na daftari mkononi hatuna budi kuwa wa kwanza.

Mapendekezo yako mbele yenu, Bwana Mwenyekiti, na mkutano uamue.